Vipuri vya Tochi Kuukuu ya Kukatia: Pima Karakanani Kabla ya Kupanda Basi

Mafundi wa Kasulu, Makere na Kibondo wanauliza swali lile lile kwa sura tofauti. Tochi ya kukatia ya zamani, ile nzito ya shaba iliyotoka kwenye karakana ya misheni au kwenye mradi wa barabara uliokwisha, imekufa nozo au inavuja kwenye koki. Kipuri chake kinapatikana wapi? Wengi wanataka kutajiwa duka, na maeneo yatatajwa hapa chini. Lakini duka ni jambo la mwisho. Fundi anayetoka Kibondo hadi Mwanza akiwa na jina la tochi tu mdomoni hurudi na nozo inayofanana na ya kwake, na kufanana huko ndiko kunakomlia nauli, siku za kazi, na mara nyingine nyusi. Kipuri cha tochi kuukuu hakitafutwi kwa jina. Kinatafutwa kwa uzi, kwa siti na kwa aina ya gesi, na yote matatu unaweza kuyapima hapo hapo karakanani.

Jina lililo kwenye mpini

Tochi nyingi kuukuu za Afrika Mashariki ni za Kiingereza kwa sababu biashara ya oksijeni huku ilianzishwa chini ya mwavuli wa kampuni ya BOC ya Uingereza. BOC Kenya ingali na jina hilo, na TOL ya Tanzania, kampuni ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, ina mizizi huko huko. Baadaye zikaingia za Kimarekani, Victor na Harris, kisha za Kichina ambazo leo ndizo zimejaa madukani. Kwa upande wetu wa magharibi kuna Burundi na Kongo, nchi zilizozoea zana za Kibelgiji na Kifaransa, na kutoka Kasulu hadi mpaka wa Manyovu si safari. Kwa hiyo tochi moja inaweza kuwa na mpini wa nchi moja, kichwa cha nchi nyingine, na nati za mipira alizobadilisha fundi asiyejulikana miaka 20 iliyopita. Jina lililochongwa kwenye mpini linakueleza habari za mpini.

Zaidi ya hapo, majina yenyewe yamehama. BOC ilinunuliwa na Linde ya Ujerumani mwaka 2006, na Victor ikachukuliwa mwaka 2014 na kampuni iliyokuwa ikimiliki ESAB. Muuzaji kijana anayeambiwa jina la zamani atasema kwa uaminifu kabisa kwamba kitu hicho hakitengenezwi tena, na fundi ataondoka amekata tamaa ilhali nozo yake imo kwenye kabati nyuma ya muuzaji. Nozo za Kiingereza za aina ya ANM, kwa mfano, hutengenezwa hadi leo na viwanda vingi ambavyo havikuwahi kuwa na uhusiano wowote na BOC. Ukiuliza kwa jina la tochi unajibiwa hakuna. Ukiuliza ANM ya 1/16 unaletewa.

Vipimo vya kuchukua

Tafuta venia, hata ya plastiki, na karatasi ya kuandikia. Safisha tochi kwa kitambaa kikavu, halafu andika:

- Kipenyo cha nje cha uzi unapofungwa mpira, upande wa oksijeni na upande wa gesi.
- Nafasi kati ya jino na jino la uzi. Kama huna geji ya uzi, zungushia ukanda wa karatasi, ubonyeze hadi meno yajichore, kisha pima mistari 6, yaani nafasi 5.
- Mwelekeo wa uzi. Oksijeni hufungwa kulia kama kawaida. Gesi hufungwa kushoto, na nati yake huwa na mikato kwenye kona.
- Herufi na namba zote zilizogongwa kwenye nozo, hata zilizofutika nusu.
- Urefu wa nozo, idadi ya ngazi za siti, na kipenyo cha kila ngazi.
- Kama nozo ni kipande kimoja au viwili vinavyochomolewa.

Kipimo cha uzi kinastahili kuelezwa zaidi, maana hapa ndipo wengi huteleza. Uzi wa Kiingereza wa G3/8 una kipenyo cha milimita 16.7 hivi na meno 19 kwa inchi. Nafasi 5 zinakupa milimita 6.7. Uzi wa M16 wa nafasi ya 1.5, unaokutwa kwenye tochi nyingi za Kichina na za Kifaransa, una kipenyo cha milimita 16. Nafasi 5 ni milimita 7.5. Kwa macho ni kitu kimoja. Nati ya G3/8 huingia kwenye M16 mizunguko miwili mitatu, inashika, na fundi anaridhika, kumbe imeng'ata meno machache tu na inasubiri mpira uvutwe ichomoke. Uzi wa Kimarekani wa 9/16 una kipenyo cha milimita 14.3 na meno 18 kwa inchi, na wenyewe huchanganywa na G1/4 ya Kiingereza yenye milimita 13.2. Tofauti ya milimita moja ni ndogo kwenye grili ya dirisha. Kwenye gesi ni uvujaji.

"Mbona inaingia vizuri?"

Hili ndilo pingamizi linalosikika zaidi kuhusu nozo: imeingia, nati ikakaza, kuna shida gani? Shida ni kwamba kuingia ni kazi ya nati, ilhali kinachotenganisha gesi ni siti, yaani ule uso wa koni uliong'arishwa unaokutana na uso mwingine ndani ya kichwa cha tochi. Katika tochi ambazo gesi huchanganyika ndani ya nozo, kichwani huja njia tatu: oksijeni ya kukatia inayopita katikati, oksijeni ya kupashia, na asetilini. Hakuna mpira wala gasketi kati yake, ni chuma kugusa chuma tu. Nozo yenye pembe tofauti kidogo hugusa kwenye mstari mwembamba badala ya uso mzima, na oksijeni yenye msukumo mkubwa huvuka hadi kwenye njia ya gesi. Dalili zake fundi anazijua ila huzipa majina mengine: tochi inapiga kila ikikaribia chuma, moto unabadilika unapobonyeza mkono wa kukatia, kichwa kinapata joto haraka. Wengi hulaumu gesi au mtungi, na wengine hukaza nati zaidi, jambo ambalo linaumiza siti ya kichwa, kipuri ghali kuliko vyote.

Makosa mawili hapa yanaudhi kwa sababu hufanywa na mafundi wazuri. La kwanza ni kusaga siti kwa ile dawa ya kusagia vali za injini. Dawa hiyo ina mafuta, na mafuta yakikutana na oksijeni yenye msukumo hujiwasha bila kiberiti. La pili ni kupekecha matundu kwa spoku ya baiskeli. Baiskeli ni nyingi Buha kote na spoku ipo mkononi kila wakati, lakini ni chuma kigumu ndani ya shaba laini. Tundu hupanuka, hupinda, na mkato haunyooki tena. Sindano za kusafishia nozo huuzwa kwa seti, hazina gharama ya kutisha, na huingizwa na kutolewa kwa kunyoosha, bila kuzungusha.

Mkerezaji anaweza kunichongea?

Kasulu na Kigoma kuna wakerezaji hodari, na haki yao wapewe. Wanaweza kukuchongea spana maalumu ya kichwa, magurudumu ya kuongozea mkato, kishikio cha koki, hata nati ya mpira kwa shaba ya njano ukiwapa sampuli nzima na kipimo sahihi cha uzi. Nozo ni habari nyingine. Matundu ya kupashia ni membamba kama sindano na yanapaswa kulingana yote, na siti zake hazivumilii kosa unaloweza kuliona kwa jicho. Nozo iliyochongwa mtaani inaweza kuwaka, hata kukata, na ikaanza kurudisha moto ndani siku ambayo chuma ni kinene na fundi amechoka.

Kuna onyo moja la shaba ambalo wakerezaji wengi hawajaambiwa. Usichongewe kiungo cha mpira wa asetilini kwa shaba nyekundu, wala usiunganishe mpira uliokatika kwa kipande cha bomba la friji. Asetilini ikikaa ndani ya shaba nyekundu hutengeneza kemikali inayolipuka kwa kuguswa tu. Utasema: mbona nozo yenyewe ni ya shaba nyekundu? Ndiyo, lakini ndani ya nozo gesi inapita mbio na kuungua. Ndani ya kiungo cha mpira inalala usiku kucha.

Kipuri gani kinunuliwe, kipi kisiguswe

Nozo, nati, mipira, vishikio vya koki na oringi ni vitu vya kubadilisha bila wasiwasi, mradi vipimo vimekubaliana. Oringi zinunuliwe kama oringi za tochi. Ile ya kabureta ya pikipiki huenda ikatosha kipimo, lakini hujui ni mpira wa namna gani na karibu kila mara imeshapakwa mafuta. Tepi nyeupe ya mafundi bomba haina kazi popote kwenye viungo vya tochi. Viungo hivi huziba kwa chuma kukaa juu ya chuma, na kipande cha tepi kikikatika kinaenda kuziba njia ya gesi ndani ya tochi.

Kuhusu mafuta, Kigoma ni nchi ya mawese, na hili si la kutaniana. Mikono iliyotoka kula, kitambaa kilichofuta sufuria, hata sabuni ya mche iliyopikwa kwa mawese, vyote viwe mbali na upande wa oksijeni. Kupima uvujaji tumia povu la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.

Kuna sehemu ambazo, zikiharibika, tochi yenyewe imekwisha:

- Mirija ya kati ya mpini na kichwa ikiwa imepasuka au imeshawahi kuchomelewa upya kwa shaba.
- Siti ya ndani ya kichwa ikiwa na mkwaruzo unaoukamata kwa ukucha.
- Mwili wa koki ulioyeyuka au kupinda baada ya moto kurudi nyuma.

Hakuna kipuri cha kuokoa tochi ya namna hiyo. Iuze kwa wanunuzi wa shaba chakavu baada ya kuvunja kichwa, ili isije kurudi sokoni ikiwa imepigwa msasa.

Mnaotumia mtungi wa kabaidi

Asetilini ya mtungi haipatikani kila wiki milimani, na karakana kadhaa hutengeneza gesi yao kwa kabaidi na maji. Hapo uchaguzi wa kipuri unabanwa zaidi. Gesi ya kabaidi hutoka na msukumo mdogo mno, hivyo inahitaji tochi ya injekta, ambayo oksijeni ikipita kwa kasi huivuta gesi. Tochi ya msukumo sawa, hata iwe mpya na ya bei, itawaka kwa shida na kupiga ovyo. Zile za Kichina zinazoanza na G01 ni za injekta: G01-30 hukata hadi milimita 30, na G01-100 hadi milimita 100. Za G02 ni za msukumo sawa. Tarakimu moja tu, na muuzaji asiyekata chuma hataiona.

Injekta ya tochi kuukuu hupimwa hivi. Fungua mpira wa gesi kutoka kwenye tochi na uuweke mbali, gesi ikiwa imefungwa kwenye mtungi. Fungua oksijeni kwa msukumo wa kazi, fungua koki zote mbili za tochi, kisha weka kidole gumba safi kwenye mdomo wa gesi. Kikivutwa, injekta ni nzima. Kisipovutwa, au upepo ukikutokea, nozo imeziba, haijakaa, au injekta imekwisha, na tochi hiyo isiwashwe. Wengi wamenunua nozo tatu mfululizo kwa kukosa kipimo hiki kisichogharimu kitu. Kabaidi isitumike kamwe bila kizuia-moto cha maji, na tochi yenye mitungi ya kiwandani iwe na vizuia-moto vya vali kwenye regyuleta zote mbili. Anayesema ametumia miaka 15 bila hivyo na hajadhurika anasema kweli. Tochi yake ilikuwa na siti nzima kwa miaka hiyo 15. Sasa anaulizia vipuri.

Gesi ya kupikia badala ya asetilini?

Kwa kukata, inawezekana, na kwa Kibondo ni wazo la busara kwa sababu mitungi ya gesi ya kupikia ipo kila kona. Lakini huko ni kununua seti nyingine ya vipuri. Nozo ya asetilini haifai. Unahitaji ya vipande viwili, iliyoandikwa PNM kama kichwa chako ni cha ANM. Mpira uwe wa rangi ya machungwa uliotengenezwa kwa ajili ya gesi hiyo, maana gesi ya kupikia hula mpira mwekundu wa asetilini kutoka ndani. Regyuleta ya jikoni haina msukumo wa kutosha. Hesabu pia oksijeni: asetilini huhitaji oksijeni kama kiasi chake chenyewe au zaidi kidogo katika moto wa kupashia, ilhali gesi ya kupikia huhitaji karibu mara nne. Kama oksijeni ndiyo inayokuja kwa lori kutoka mbali, akiba uliyoipata kwenye gesi inaweza kuishia huko. Na usitarajie kuchomelea bati au bomba la chuma kwa moto huo. Hukata, hupasha, na huchomelea kwa shaba tu.

Jambo jingine la oksijeni. Tochi inayokata vibaya si lazima iwe mbovu. Mkato unahitaji oksijeni ya asilimia 99.5. Mashine za hospitali zinazochuja oksijeni kutoka hewani hutoa ya asilimia 93 hivi, inayotosha kwa mgonjwa lakini kwenye chuma inayeyusha badala ya kukata. Anayekuuzia oksijeni ya namna hiyo kwa bei ya chini anakuibia mara mbili, na mgonjwa pia.

Sasa, wapi?

Maduka ya hadwea ya Kasulu na Kibondo huwa na vitu vya Kichina zaidi, na kama kipimo chako kimeangukia huko, usisafiri. Kigoma mjini uliza kwanza mafundi wa bandarini na wa reli kabla ya maduka, kwa sababu meli na mabehewa yamekatwa na kuungwa pale kwa zaidi ya miaka 100 na zana za Kiingereza zilipita mikononi mwao. Karakana za VETA na SIDO hazitakuuzia, ila mwalimu wa uchomeleaji anaweza kukutambulia nozo kwa dakika tano. ANM na Victor utafute Mwanza, au Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, na kwa wauzaji wa gesi za viwandani wenyewe.

Safari yako haihitajiki. Piga picha nozo ikiwa kando ya rula, piga siti kwa karibu, piga herufi, tuma na karatasi ya vipimo. Mwambie muuzaji apime yake kwa venia na akutumie picha yake ikiwa vile vile kando ya rula kabla hujatuma fedha. Kama siti ni ya ajabu, tuma nozo ya zamani kwa basi kama kifurushi, lakini usitume iliyo moja tu bila kubaki na vipimo vyake. Mtungi wenyewe usipande basi la abiria kwa namna yoyote, na wa asetilini usafiri umesimama. Ukilazwa, uache usimame kwa saa kadhaa kabla ya kuufungua, kwa sababu ndani yake kuna asetoni.

Kununua nozo mbili kwa wakati mmoja ni busara, na hapa bahili anapata hasara. Uliza saizi unayoitumia kweli: ANM ya 1/32 kwa bati la milimita 3 hadi 6, 3/64 kwa milimita 5 hadi 12, na 1/16 kuanzia milimita 10 hadi 75. Karakana ya chesisi na majembe ya kukokotwa haihitaji zaidi ya hizo mbili za mwisho.

Si bora kununua mpya?

Mara nyingi, ndiyo. Kama tochi imekosa vitu viwili kwa pamoja, nozo na koki kwa mfano, na uzi wake haujulikani, ya Kichina ya G01-100 yenye nozo zake itakuanzisha kazi wiki hii. Kuukuu inastahili kuhangaikiwa pale tu mwili ni mzima, siti ya kichwa ni safi, na nozo yake ni ya aina inayotengenezwa bado. Pingamizi kwamba ya zamani ni nzito na imara ni la kweli kuhusu mpini wake, lakini mpini haukati. Usichanganye tu: nozo ya tochi mpya isilazimishwe kwenye kichwa cha zamani ili kuokoa shilingi.

Kabla ya kuwasha kipuri kipya

1. Funga nozo kwa spana inayolingana, kwa mkono mmoja, bila bomba la kuongezea nguvu.
2. Funga koki zote za tochi, fungua mitungi, weka msukumo wa kazi. Asetilini isizidi bar 1, yaani psi 15 kwenye geji ya zamani.
3. Paka povu kwenye kila kiungo kuanzia regyuleta. Kisha tumbukiza kichwa cha tochi kwenye ndoo ya maji safi na usubiri dakika nzima.
4. Paka povu kwenye nati ya nozo, fungua oksijeni peke yake, bonyeza mkono wa kukatia, iachilie ipulize, funga. Fanya hivyo kwa gesi, nje ya jengo, mbali na moto.
5. Washa, rekebisha ndimi, kisha bonyeza mkono wa kukatia bila chuma. Ndimi za kupashia zisibadilike umbo.

Vipovu vikitoka puani mwa nozo ilhali koki zimefungwa, koki ndiyo inayovuja. Vikitoka kwenye nati ya nozo oksijeni inapopuliza, funga mitungi, toa nozo, futa siti kwa kitambaa kikavu na urudie mara moja. Vikitokea tena, nozo hiyo irudi kwa muuzaji siku hiyo hiyo, na picha ya vipovu itumwe mbele yake.